Ngazi Hii ya Nani? Kutoka Michenzani hadi Magomeni

Saa kumi na moja jioni, muuza vibua akifika chini ya majumba ya Michenzani, mjini Unguja, hahangaiki kupanda ngazi. Anaegemeza baiskeli yake, ananadi mara mbili tatu, kisha anangoja. Ghorofa ya nne dirisha linafunguka, na kikapu cha ukili kinaanza kuteremka kwa kamba, kikigonga ukuta hapa na pale. Ndani yake mna noti ya shilingi elfu tano iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti ili upepo usiichukue. Muuzaji anahesabu samaki, anatia chenji, anaivuta kamba kidogo kuashiria kwamba biashara imekwisha, na kikapu kinapanda. Mnunuzi hakuvaa hata ndara.

Mgeni huliona jambo hilo akacheka, akatoa simu apige picha. Mwenyeji haoni cha kuchekesha. Majumba ya mwanzo ya Michenzani hayakuwekewa lifti, na mtu mwenye magoti mabovu hawezi kushuka kwa kila fungu la mchicha. Hata hivyo kamba ina adabu zake. Hairushwi bila kuangalia chini, maana huenda ghorofa ya pili wameanika nguo, na kikapu kinachorudi na samaki wabichi kikipita juu ya kanzu ya Ijumaa ya jirani, ugomvi wake hauishi wiki hiyo.

Nilikwenda Unguja, kisha nikavuka hadi Dar es Salaam, kuangalia jambo moja tu: watu wanaokaa juu ya vichwa vya wenzao wanaishi vipi. Miji yetu inapanda juu kwa kasi. Kila mwezi kuna tangazo la fleti mpya zinazouzwa, na picha zake ni za jiko, bafu na dirisha linalotazama bahari. Ngazi haipigwi picha. Nayo ngazi ndiyo sehemu ambayo mnunuzi ataitumia kila siku, pamoja na watu asiowachagua.

Michenzani ina umri wa kutosha kufundisha. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, nayo ikaleta wahandisi na vifaa. Maghorofa ya kwanza yalijengwa Kikwajuni na Kilimani. Mwaka 1968 wataalamu wakiongozwa na Hubert Scholz walichora mpango wa mji, na Rais wa Zanzibar, Mzee Abeid Amani Karume, akataka makubwa zaidi: majumba marefu yanayopasua mtaa wa Ng'ambo katikati, yakipangwa kando ya barabara mbili zinazokutana kwenye mzunguko. Nyumba za udongo na boriti zilibomolewa kupisha ujenzi, na vijana wakaletwa kwa kazi za kujitolea. Karume aliuawa Aprili 1972, majumba yakiwa bado yanajengwa. Kazi iliendelea, lakini sehemu kubwa ya ndoto ilibaki kwenye karatasi. Yaliyosimama yanatosha kumchosha anayeyapita kwa miguu, kwani baadhi yanakaribia urefu wa mita 300. Watu huyaita kwa nambari tu. Ukimuuliza mtu anakaa wapi, atakujibu nambari ya jumba.

Na si mjini peke yake. Maflati ya namna hiyo yalipelekwa hadi shamba, Bambi na Makunduchi, na Pemba pia. Anayeingia bandari ya Mkoani kwa meli huyaona kabla hajayaona mengine.

Waliohamishiwa humo walitoka kwenye nyumba zenye vitu viwili ambavyo flati haina: baraza mbele na uwani nyuma. Barazani wanaume walikunywa kahawa na kusikiliza redio. Uwani wanawake walipika, walifua, walisukana na kuzungumza mambo yasiyofika barazani. Mchoraji aliyezoea baridi ya Ulaya hakuvitia vitu hivyo kwenye ramani yake. Wakazi wakavirudisha wenyewe. Baraza ilishuka chini, kwenye kivuli cha jumba, na hadi leo jioni utakuta bao, dhumna, birika la kahawa juu ya mkaa na vikombe vidogo visivyo na mikono. Maskani ya Kisonge, pale pale Michenzani, ilijulikana visiwani kote kwa ubao wake wa vijembe vya kisiasa. Uwani ulipanda juu. Ukiingia ngazi yoyote mchana, kwenye kituo cha katikati utawakuta kina mama wamekalia mikeka, mmoja anakuna nazi, mwingine anachambua mchele, watoto wamelala ubavuni kwa sababu pale kuna upepo.

Kinu ndicho kilicholeta taabu. Kutwanga ghorofa ya tatu ni kumtwanga wa ghorofa ya pili kichwani. Katika ngazi niliyokaribishwa, walikwisha kukubaliana zamani: kinu kinakaa chini, na anayetaka kutwanga anashuka nacho hadi kwenye udongo. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa hapo alieleza kwamba sheria hiyo haikuandikwa na mtu wala kutiwa saini. Ilitokana na mzazi aliyejifungua flati ya chini, majirani wakamhurumia kwa siku arubaini, na siku zilipokwisha hakuna aliyekirudisha kinu juu.

Maji ni habari nyingine. Presha ya bomba la mtaani haipandi kila ghorofa, kwa hiyo jikoni kwa watu wa juu kuna mapipa na madumu yaliyopangwa hadi dari. Pampu ndiyo dawa, lakini pampu inataka umeme, umeme unataka TUKUZA, yaani umeme wa kulipia kabla, na TUKUZA inataka mtu wa kuinunua. Wa chini wanauliza, kwa haki kabisa, kwa nini wachangie pampu ilhali mfereji wao unatoka. Jibu walilopata wenyeji wangu lilinipendeza kuliko vifungu vingi vya sheria nilivyosoma. Wa chini hawachangii pampu. Wa juu hawakwepi mchango wa kuzibua chemba ya maji machafu, ambayo ikijaa hufurikia mlangoni kwa wa chini ingawa kinachoijaza kinatoka kwa wote. Hesabu inaandikwa kwenye daftari la shule, na daftari linakaa kwa mama mmoja wa ghorofa ya kati, ambaye kila mtu lazima apite mlangoni kwake.

Nilitaka kujua anawadai vipi wagumu. Hawadai, nikaambiwa. Yeye huyo huyo ndiye mshika fedha wa mchezo wao wa kila wiki, upatu wa kina mama wa ngazi ile. Nani atamkwepa mtu ambaye wiki ijayo atampa zamu yake ya kupokea?

Kwa maoni yangu, siri ya majengo ya pamoja imelala hapo. Mchango wa ngazi peke yake ni kero, ni pesa inayotoka na haionekani. Ukiambatana na mchezo, na futari, na turubai la msiba, unakuwa sehemu ya maisha ambayo mtu hataki kutengwa nayo. Mwezi wa Ramadhani sahani hupita mlango kwa mlango kabla ya magharibi, muhogo wa nazi unashuka, tambi zinapanda, na sahani ya jirani hairudishwi tupu. Watu waliokula pamoja wiki nzima wakiitwa kikao baada ya tarawehe kuzungumzia taa ya ngazini, wanakuja. Tangazo lililobandikwa mlangoni kwa gundi, lenye muhuri na lugha ya vitisho, linasomwa na watoto.

Msiba ndio mtihani mkubwa. Kona ya ngazi haikupimwa kwa ajili ya jeneza. Watu wa Michenzani wanajua ni vijana wangapi wanatakiwa na nani anatangulia, na wanajua jeneza huinuliwa juu ya kizuizi cha ngazi pale penye kona kali. Flati moja haitoshi kwa waliokuja kuhani, kwa hiyo milango ya ghorofa nzima hufunguliwa. Wanawake wanakaa kwa jirani wa kulia, masufuria yanakwenda kwa jirani wa kushoto, wanaume wanatandikiwa majamvi chini. Mwenye flati ambaye hamjui jirani wa kulia atafanya nini siku hiyo?

Kutoka mjini nilipanda daladala kwenda Fumba, kusini ya uwanja wa ndege, ambako mji mpya wa Fumba Town umekuwa ukijengwa tangu 2015 na kampuni ya CPS. Kichekesho ni kwamba hawa nao wanaongozwa na Wajerumani. Kila kitu hapa kimeandikwa: wapi pa kuweka taka na namna ya kuzitenganisha, nani anatunza bustani, ada ya huduma inalipwa lini. Mitaa ni safi, miti inakua vizuri. Wanunuzi wengi wanatoka nje, na sheria iliyowafungulia mlango ni ile ya kondominio ya Zanzibar, Sheria Namba 10 ya 2010, inayoruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo bila kumiliki ardhi iliyo chini yake.

Kilichonivutia ni kwamba hata wao, pamoja na utaratibu wote huo, wamegundua kwamba watu wanahitaji mahali pa kukutana. Kuna soko lao la wikendi, Kwetu Kwenu, ambako watu wa vijiji vya jirani huleta mboga na vyakula, na wenye fleti hushuka na watoto wao. Michenzani walianza na ujirani na bado wanatafuta maandishi, Fumba wameanza na maandishi na sasa wanautafuta ujirani. Mimi ningechagua kuanza na ujirani, ingawa nakiri bustani za Fumba zilinitia tamaa.

Boti ya asubuhi kutoka bandari ya Malindi, Unguja, inafika Dar es Salaam katika muda wa saa mbili hivi, bahari ikiwa tulivu. Kutoka Kivukoni, basi la mwendokasi hadi Magomeni ni safari fupi, ukipata pa kusimama.

Magomeni Kota ina historia inayostahili kujulikana na kila anayepanga kununua fleti. Hapo palikuwa na nyumba za zamani za kota. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 wakazi waliondolewa na nyumba zikavunjwa, kwa ahadi ya kujengewa mpya. Kiwanja kikabaki wazi miaka na miaka. Familia zilitawanyika, wengine wakapanga Manzese, wengine Mbagala, lakini hawakuvunja umoja wao. Waliendelea kuwa na viongozi, orodha ya majina na mikutano. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alifika hapo na kuagiza wajengewe, kazi ikapewa Wakala wa Majengo Tanzania, TBA, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akayazindua majengo. Kaya 644 zilikuwa na haki ya kurudi.

Kumbe jumuiya ya wakazi ilikuwepo kabla ya jengo. Sijui mahali pengine Dar es Salaam ambapo mambo yalikwenda kwa mpangilio huo. Kwa kawaida mtu ananunua, anahamia, anaishi mwaka mzima akimjua jirani kwa sauti ya televisheni tu, na siku pampu inapokufa ndipo wanakusanyika kwenye maegesho, kila mmoja akiwa na hasira na hakuna aliye na daftari.

Majengo ya Dar ya sasa yana vitu ambavyo Michenzani hawakupewa: lifti, jenereta, kamera, geti lenye mlinzi. Vyote hivyo vinakula. Tuchukue mfano wa jengo la fleti 40, kila moja ikichangia shilingi 30,000 kwa mwezi. Ni shilingi 1,200,000. Walinzi wawili kwa 250,000 kila mmoja, usafi 200,000, umeme wa lifti, pampu na taa za ngazi 250,000, gari la taka 100,000. Zinabaki 150,000 za akiba. Wakigoma kumi tu, na katika kila jengo wapo kumi, akiba imekwisha na deni la 150,000 limeanza. Mwezi wa sita lifti inasimama. Mlinzi anaacha kazi kwa sababu hakulipwa, na wale kumi ndio wanaopiga kelele kwenye kundi la WhatsApp kwamba usalama umeshuka.

Sheria ipo. Tanzania Bara ina Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo, Namba 16 ya 2008. Ndiyo inayompa mwenye fleti hati yake mwenyewe, ndiyo inayozaa umoja wa wamiliki, na ndiyo inayotenganisha kilicho chako na kilicho cha wote: paa, ngazi, nguzo, mabomba makuu, uwanja. Kenya walianza na sheria ya 1987, wakaifuta kwa nyingine mpya ya 2020, ambayo inataka wamiliki wawe na shirika lao na kamati ya kusuluhisha migogoro ya ndani kabla mambo hayajafika mbali. Kabla ya hapo Wakenya wengi walikuwa na fleti kwa hisa za kampuni ya usimamizi, na wengine hawakuwahi kuziona hisa hizo.

Ya wote si ya mtu yeyote, ndivyo wengi wanavyofanya. Nimeona jengo ambalo mtu amefunga geti la chuma kwenye ngazi ya kwenda paani na kufuga kuku huko juu, karibu na tangi la maji ya kunywa. Kwingine ukuta kati ya sebule na jiko ulikuwa umebomolewa ili sebule iwe pana, bila mtu kumuuliza mhandisi kama ukuta ule unabeba kitu. Hili la pili si la mzaha. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jingine likaanguka Kariakoo, likiwa na maduka na watu ndani, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Nguzo haina mwenyewe mmoja. Ukisikia nyundo kubwa ikigonga kwa jirani, una haki ya kwenda kuuliza, na hupaswi kuona haya.

Kuna madogo pia, ambayo hayaui lakini yanachosha. Mtungi wa gesi ukae penye hewa, karibu na dirisha, na si ndani ya kabati. Mkaa usiwashwe ndani kabisa wala kwenye korido, kwa sababu moshi hauna mlango wa kutokea na sumu yake haina harufu. Nguo zikamuliwe kabla ya kuanikwa kwenye roshani. Mafuta ya kukaangia yasimwagwe kwenye sinki, kwani yanaganda ghorofa mbili chini na kuziba bomba la mtu mwingine. Kila fleti ijue koki yake ya maji iko wapi, na angalau watu watatu wa jengo wajue koki kuu. Siku bomba linapopasuka usiku na mwenye fleti yuko Dodoma kikazi, maji yanashuka hadi chini kabla ya fundi kuamka.

Na harusi? Turubai uwanjani ni haki ya kila mkazi, lakini magari yanahitaji pa kupita na wagonjwa wanahitaji kulala. Majengo yenye busara yana saa ya kuzima muziki iliyoandikwa na kukubaliwa, na mwenye shughuli hupita mlango kwa mlango siku mbili kabla kuwaarifu majirani. Mara nyingi anaporudi nyumbani ana michango mkononi na watu watatu waliojitolea kupika. Umoja wenye akili hununua viti, masufuria na turubai lake wenyewe, ukawakodisha wakazi kwa bei nafuu na wa nje kwa bei ya soko. Hapo mfuko wa jengo unapata kitu ambacho si mchango wa lazima, na viti hivyo hivyo hutumika siku ya mkutano mkuu.

Kuhusu wapangaji, umoja wa wamiliki mara nyingi unakosea. Kisheria kura ni ya mmiliki, lakini mmiliki yuko Muscat au Mwanza, na anayepanda ngazi kila siku ni mpangaji. Jengo linalomnyima mpangaji nafasi ya kusema litashangaa kwa nini hajali taa ya korido. Kumpa nafasi kwenye kikao, hata bila kura, hakugharimu kitu.

Basi msomaji unayefikiria kununua au kupanga fleti, usiende mchana na dalali peke yake. Nenda jioni, panda kwa miguu hadi juu kabisa, uhesabu taa zinazowaka. Zungumza na mkazi wa ghorofa ya chini na wa ghorofa ya mwisho, kwa sababu hao wawili hawatakueleza jambo lile lile. Uliza mkutano wa mwisho ulifanyika lini, nani anashika fedha, akiba iko benki gani, na bima ya jengo inaisha lini. Omba kuona daftari. Ukiambiwa halipo, punguza bei au ondoka. Ukishahamia, pita mlango kwa mlango ujitambulishe wiki ya kwanza, lipa mchango wako mwanzo wa mwezi, na mkutano ukiitwa nenda wewe mwenyewe, usimtume mtoto.